Mwanagenzi wa Makumbusho Hujifunza Nini?



Mwaka jana mama mmoja wa kigango chetu alikuja ofisini kwangu kuomba barua. Binti yake, mwanafunzi wa chuo, alikuwa amepata nafasi ya majuma manane ya kujifunza kazi katika nyumba ya makumbusho mjini, akatakiwa kupeleka barua ya kumtambulisha. Nilipokuwa naandika, yule mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, unisamehe. Nimeuza mbuzi wawili ili mtoto huyu asome. Je, ndiyo aende kufuta vumbi kwenye vyungu?"

Nilimjibu nusunusu tu, maana kwa kweli hata mimi sikuijua kazi hiyo. Binti aliporudi nilimwita nikamwuliza mengi, nami nikasoma niliyoweza kuyapata. Leo nataka niwajibu wazazi wote wenye swali kama lile.

MAKUMBUSHO SI GHALA

Wengi wetu hudhani kwamba makumbusho ni ghala ya vitu vikuukuu. Sivyo. Ghala huweka vitu. Makumbusho huweka vitu pamoja na habari zake. Katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, limehifadhiwa fuvu aliloligundua Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959. Umri wake ni kama miaka milioni moja na robo tatu. Tena huko Kisesa, karibu na Mwanza, yako Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mzaliwa wa Kanada, wa Shirika la Wamisionari wa Afrika. Humo mna ngoma za watemi, zana za wahunzi na vifaa vya waganga. Mgeni akiingia mahali kama hapo haoni mti na chuma tu. Aona maisha ya watu. Lakini hayo hayaonekani bila mtu wa kuyaandika.

KAZI YA KWANZA NI KALAMU

Mwanagenzi hafundishwi kwanza kufuta vumbi. Hufundishwa kuandikisha. Kila kitu kinachoingia hupewa namba yake, ambayo mara nyingi huanza na mwaka. Kwa mfano, kitu cha 14 kilichopokewa mwaka 2023 huweza kuandikwa 2023.14. Kisha huandikwa jina la kitu kwa lugha ya wenyewe na kwa Kiswahili, kimetengenezwa kwa nini, vipimo vyake kwa sentimeta, nani alikitengeneza, nani alikitoa, kimetoka kijiji gani, na kina ufa au kasoro gani. Siku hizi hupigwa picha pia, na habari zote zikatiwa katika kompyuta.

Hata kuiandika namba kwenye kitu chenyewe kuna ufundi. Hupakwa kwanza vanishi safi kidogo mahali pasipoonekana, ndipo namba ikaandikwa kwa wino juu yake, ili siku ikitakiwa kuondolewa itoke bila kukidhuru kitu. Nguo haiandikwi kabisa. Namba huandikwa kwenye kitambaa chembamba, kikashonwa kwa mishono michache iliyolegea.

Binti aliponieleza hayo nilicheka, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku. Katika kitabu cha ubatizo nikikosea jina la baba au mwaka, miaka ishirini baadaye kijana anayetaka kufunga ndoa atahangaika kutafuta cheti chake. Yeye yupo, mzima, lakini kitabu hakimjui. Ndivyo kilivyo kitu cha makumbusho kilichoandikwa vibaya.

MFANO WA TENDAGURU

Msidhani kwamba ufundi huu ni wa watu wa mbali. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, wanyama wakubwa ajabu wa zamani sana, kwenye kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi. Waliochimba walikuwa wenyeji wa nchi hii, mamia kwa mamia. Walijifunza kazi papo hapo: kuchimbua mfupa bila kuuvunja, kuufunga vizuri, na kuutia alama ya shimo ulimotoka. Kisha mizigo ikachukuliwa kwa miguu mpaka Lindi, mwendo wa siku kadhaa, jumla ya tani zaidi ya 200, ikapakiwa melini kwenda Berlin. Huko mifupa yao ilisimamishwa ikawa mnyama mzima, mwenye kimo cha mita kama 13, naye yupo Berlin hata leo. Bila zile alama, nani angejua mfupa upi ni wa mnyama yupi?

Msimamizi wa wale wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja, alipotoa jina jipya kwa dinosaria mmojawapo wa Tendaguru, alimwita Australodocus bohetii kwa heshima yake. Basi mtu aliyejifunza kazi hii akiwa nayo mikononi, jina lake sasa limo katika vitabu vya elimu duniani.

MIKONO, MACHO, ULIMI

Baada ya kalamu hufuata mikono. Mwanagenzi huvua pete na saa kabla ya kugusa kitu. Chungu hakiinuliwi kwa mdomo wala kwa mkono wake, bali hushikwa chini kwa mikono miwili. Huangalia kwanza mahali pa kukiweka, ndipo akakiinua. Chuma hushikwa kwa glovu, kwa sababu jasho la vidole huleta kutu. Naam, vumbi pia hufutwa, lakini kwa brashi laini na kwa ruhusa ya mkubwa wa kazi. Maji, sabuni na mafuta ya taa, ambavyo sisi nyumbani hutumia bila kufikiri, huko ni marufuku mpaka mtaalamu aseme.

Macho nayo yana kazi ya kulinda. Adui ni wengi: mchwa, nondo, wadudu watoboao mbao, unyevu, hata jua, ambalo huifubaza nguo polepole na rangi yake isirudi tena. Mwanagenzi hutembea ghalani akitafuta unga mdogo wa mbao chini ya kigoda, maana ndiyo dalili ya mdudu. Kitu chenye wadudu hutengwa. Na penye mashine ya barafu, hufungwa katika plastiki kikagandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, juma moja au mawili, mpaka wadudu wafe.

Mwisho ni ulimi, na pamoja nao sikio. Huongoza wageni na watoto wa shule, na kuwaeleza kwa maneno machache ya kweli. Asichokijua hasemi. Tena hutumwa kwa wazee kuwauliza habari za vitu, naye hapo hana budi kuwa na adabu, kujua lugha yao, na kutomkatiza mzee maneno.

KIGODA KISICHO NA MWENYEWE

Siku moja binti huyo alipewa kigoda cha miguu mitatu akiandike upya. Kilikuwa kimelainika kwa kukaliwa miaka mingi. Kikaratasi chake kilisema: "Kigoda. Mtoaji hajulikani. Mahali hapajulikani." Akaniambia, "Mwalimu, niliweza kupima kimo chake, lakini sikuweza kusema nani alikikalia."

Neno hilo lilinichoma. Babu yangu alikuwa na kigoda kama hicho. Alipokufa tulikiuza kwa mchuuzi mpita njia kwa bei ya kilo tano za sukari. Hakutuuliza jina la babu, wala sisi hatukumtajia. Sukari tuliimaliza mwezi uleule. Kama kigoda kile kimefika katika makumbusho fulani, bila shaka nacho kina kikaratasi cha namna ileile. Ni sisi tuliokifanya bubu.

SHAURI KWA WAZAZI

Je, kijana gani afaa kazi hii? Si lazima awe wa kwanza darasani. Awe na mwandiko unaosomeka, aweze kutumia kompyuta, ajue kupima na kuhesabu. Awe mvumilivu, na mwaminifu hasa, maana atashika vitu vyenye thamani pasipo mtu wa kumwona. Ajue Kiswahili na Kiingereza, wala asiione haya lugha ya nyumbani kwao.

Barua ya maombi ipelekwe mapema, pamoja na barua ya chuo. Mara nyingi mwanagenzi halipwi mshahara; kwa hiyo ulizeni kabla: atasimamiwa na nani, kuna posho ya nauli, atapewa cheti? Tena mtafutieni malazi kwa ndugu mnayemwamini.

Yule binti alirudi na cheti, lakini kwanza hakumwonyesha mtu. Alichukua daftari akaenda kuketi kwa bibi yake, akaandika vyungu vyake kimoja kimoja: hiki cha kupikia mboga, hiki cha maji, hiki alichofinyanga mama yake bibi mwaka wa njaa. Juma lililofuata yule mama alikuja tena ofisini. Nilidhani amekuja na swali lake la zamani. Kumbe alitaka daftari jingine. Akasema, "La kwanza limejaa, Mwalimu, na bibi hajamaliza."

Basi, wasomaji, msingoje makumbusho yawajie. Kabla ya kuuza au kutupa kitu cha wazee, kaeni jioni moja na mtoto ajuaye kuandika, mtaje jina la kitu, la aliyekitengeneza, na la kijiji. Hiyo ndiyo kazi ya mwanagenzi, na kila nyumba yaweza kuianza leo.