Nauli ya Kwenda Kushtaki

Mama lishe wa Buguruni aliyepigwa na mumewe usiku huamka na hesabu kichwani. Akienda polisi, sufuria hazipandi jikoni siku hiyo, na mtaji wenyewe ni wa mzunguko: ukikatika leo, kesho anakopa unga. Kituoni atapewa PF3, fomu ya polisi ya kupimwa majeraha. Fomu hiyo haiuzwi, ila ni lazima daktari aijaze, kisha irudishwe polisi. Baada ya hapo ni maelezo, mahakama, na tarehe zinazosogezwa. Kila hatua ina nauli yake, na mtoto yuko mgongoni.

Husemwa mara nyingi kwamba wanawake wa hali ya chini hunyamaza kwa sababu hawajui haki zao. Wapo wasiozijua, kweli. Lakini kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kimekuwa kikisema kwa zaidi ya nusu karne kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, na vipigo vipo. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Katika utafiti wa 2015–16 walikuwa asilimia 40. Nafuu ipo, na si ndogo. Hata hivyo bado ni zaidi ya mmoja kati ya kila wanne.

Huduma zinazomfaa maskini, kwa hiyo, ni zile zinazompunguzia safari. Hilo ndilo wazo la vituo vya Mkono kwa Mkono, vilivyoanza katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na baadaye Bara, katika Hospitali ya Amana, Dar es Salaam. Daktari, polisi, afisa ustawi wa jamii na mshauri hukaa sehemu moja. Mwanamke husimulia mkasa wake mara moja badala ya kuurudia katika madirisha manne, hutibiwa, na PF3 hujazwa palepale. Polisi nao wana Madawati ya Jinsia na Watoto zaidi ya 400 nchini, ili asisimulie siri za chumbani mbele ya foleni ya watu walioibiwa simu.

Tatizo ni kwamba hospitali haihami. Anayeishi mbali nayo hukimbilia kwanza kwa mjumbe, kwa mama mkwe, au kwa kiongozi wa dini, na huko jibu la kawaida ni kwamba yaishe nyumbani. Ndiyo maana msaidizi wa kisheria, aliyetambuliwa rasmi na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ana thamani kubwa kuliko mabango ya kampeni. Si wakili. Ni mtu wa hapohapo mtaani aliyepewa mafunzo, anayemweleza jirani yake aanzie wapi na asiyemtoza senti.

Kazi yake huonekana zaidi pale ndoa inapovunjika. Kwa kawaida, kabla ya mahakama kutoa talaka, kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa hutaka shauri lipitie baraza la usuluhishi. Maana yake aliyekimbia ngumi huitwa kuketi benchi moja na mwenye ngumi. Sheria inaruhusu baraza lirukwe panapokuwa na mazingira ya kipekee, lakini ruhusa hiyo haina faida kwa asiyeambiwa kuwa ipo. Ndivyo ilivyo pia kwa mali: tangu kesi moja ya 1983, Mahakama ya Rufani imekubali kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa. (Mwanamke aliyefungua kesi hiyo, kwa bahati mbaya, hakuambulia kitu.)

Kisha linakuja swali ambalo dawati halina jibu lake: mume akifungwa, nani atalisha watoto?

Mkoani Mwanza, watafiti wa mradi wa MAISHA walifuatilia zaidi ya wanawake 1,000 waliokuwa katika vikundi 66 vya mikopo midogo. Nusu ya vikundi vilipewa vipindi kumi vya mazungumzo kuhusu mahusiano, madaraka ndani ya nyumba na ukatili. Zaidi ya miaka miwili baadaye, ukatili wa waume na wapenzi ulikuwa mdogo katika vikundi hivyo kuliko katika vile vya ulinganisho. Mafunzo hayohayo yalipopelekwa kwa vikundi vipya vya majirani wasio na mikopo hiyo, mitazamo ilibadilika, lakini hakukuonekana tofauti katika vipigo vyenyewe. Si uthibitisho kwamba fedha ndiyo dawa, ila ni vigumu kuyasoma matokeo hayo bila kumkumbuka mama lishe na hesabu zake.

Fedha za umma zipo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 ni ya wanawake. Mikopo hiyo hutolewa kwa kikundi kilichosajiliwa na kinachofahamika katika eneo lake. Aliyekimbilia kwa dada yake kata nyingine wiki iliyopita, na begi moja na watoto wawili, hana kikundi, na mwenyekiti wa mtaa wa huko hamjui.