Ndigana Kali Katika Kaya Yenye Shida

Milanzi ni kata iliyomo katika Manispaa ya Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa. Jina lenyewe ni la kale, kwani simulizi za Wafipa hulitaja kuwa la makao ya watawala wao wa kwanza. Zamani mkulima wa uwanda huu alilima kwa jembe la mkono, akifukia nyasi katika matuta yaitwayo intumba ili zioze na kuwa mbolea. Siku hizi mashamba mengi ya mahindi na maharagwe hulimwa kwa plau, na plau huvutwa na maksai. Kwa hiyo maksai anapougua, hasara si ya nyama na ngozi tu, bali ni ya shamba ambalo halitalimwa kwa wakati.

Katika makala haya tutaeleza ugonjwa wa ndigana kali, na hasa sababu inayoufanya uwe mzito mno kwa kaya ambayo tayari ina shida nyingine, kama vile mgonjwa wa kuuguza, ghala lililopungua au fedha zilizokwisha. Watu husema ni mkosi juu ya mkosi. Sayansi yaonyesha kwamba kukutana huko kuna kalenda yake.

Ugonjwa huletwa na kijidudu kiitwacho Theileria parva, kinachobebwa na kupe wa rangi ya kahawia apendaye kujishika masikioni mwa ng'ombe. Kupe huyu hupanda juu ya mnyama mara tatu katika maisha yake, na kila akishiba hudondoka chini. Hazaliwi na kijidudu; hukipata akiwa mchanga kwa kunyonya damu ya mnyama mwenye nacho, kisha hukipitisha kwa mnyama mwingine katika hatua inayofuata. Katika nyanda zenye msimu mmoja wa mvua, kupe waliokomaa, ambao ndio hatari zaidi, huibuka kwa wingi mvua inapokolea, kuanzia Desemba hadi Machi. Sasa msomaji na alinganishe na kalenda ya kaya. Miezi hiyo ndiyo ya kulima na kupalilia. Mavuno ya mwaka uliopita yanakaribia kwisha. Na Januari shule hufunguliwa, watoto wakidai sare na madaftari. Ugonjwa hubisha hodi wakati mlango una kazi nyingine.

Kijidudu kikiisha kuingia, hakianzi kwa kuharibu damu. Hujipenyeza ndani ya chembe nyeupe, zile ambazo kazi yake ni kuulinda mwili, na kuzichochea zizaliane bila kiasi, karibu kama zifanyavyo chembe za saratani. Chembe inapogawanyika, kijidudu nacho hugawanyika, kila chembe mpya ikapata fungu lake. Wachunguzi wamekadiria kwamba chembe zilizoambukizwa huongezeka kama mara kumi kila siku tatu. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi hesabu hii: aliyechelewa siku tatu anapambana na adui mara kumi, na aliyechelewa siku sita, mara mia moja.

Tuchukue mfano wa kaya yenye jozi moja ya maksai. Mama amelazwa hospitali, baba yuko huko akimhudumia, na ng'ombe wameachwa chini ya mtoto wa shule. Siku ya Jumatano tezi iliyo chini ya sikio la maksai mmoja inavimba. Mnyama bado anakula na bado anavuta plau, hivyo mtoto haoni jambo. Baba anarudi Jumanne inayofuata na kumkuta mnyama amezubaa, ameacha kucheua, anapumua kwa shida. Siku sita zimepita. Hakuna aliyefanya uzembe. Kilichokosekana ni jicho. Katika kaya yenye dhiki kinachopungua kwanza si upendo kwa mifugo wala hata fedha, bali muda wa kutazama.

Kwa hiyo kazi isiyofaa kuachwa, hata kama nyingine zote zitaachwa, ni ile ya dakika chache jioni. Mtoto apapase chini ya masikio na mbele ya bega, atafute uvimbe. Aondoe kupe masikioni kila baada ya siku moja au mbili. Jambo hili lina faida kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu vijidudu vilivyomo katika mate ya kupe mara nyingi huhitaji siku kama tatu au zaidi za kunyonya ndipo vikomae na kuambukiza. Kama kuna kipimajoto, kipimo cha nyuzi 40 na zaidi, pamoja na tezi iliyovimba, chatosha kumwita Bwana Mifugo siku hiyo hiyo.

Hapa pana kosa linalomaliza fedha za wengi. Lugha yetu ina ndigana kali na ndigana baridi, na majina hayo huwafanya watu wadhani kwamba ni ugonjwa mmoja wenye viwango viwili. Sivyo. Ni vijidudu tofauti kabisa. Oksitetrasaiklini, ambayo ni nafuu na hupatikana kwa urahisi, hutibu ndigana baridi, lakini haiponyi ndigana kali iliyokwisha kujitokeza. Hata Robert Koch, alipoviona vijidudu vya ndigana kali mjini Dar es Salaam mnamo 1897 na 1898, alividhania kuwa ni hatua ya ugonjwa wa mkojo damu. Dawa iuayo vijidudu hivi ni buparvakwoni, iliyotokana na utafiti wa miaka ya 1980. Bei yake ni kubwa, na kipimo hufuata uzito wa mnyama. Lakini sindano moja ya mapema ni rahisi kuliko chupa tatu zisizofaa.

Mapafu yakiisha kujaa maji na povu kutoka puani, dawa huwa na nafasi ndogo. Kwa maoni yangu, mwenye mgonjwa hospitalini asilaumiwe akikataa kutoa fedha yake ya mwisho hapo. Lakini asimpeleke mnyama mnadani. Na mnyama yeyote aliyekufa ghafla, damu ikimtoka bila kuganda, asipasuliwe, kwa kuwa huenda ni kimeta, ambacho huua watu pia. Aliyepona naye asifungwe nira mapema.

Chanjo ipo. Iliundwa Muguga, nchini Kenya, katika miaka ya 1970: ng'ombe huambukizwa kwa makusudi vijidudu hai, na papo hapo hupewa oksitetrasaiklini ya kudumu mwilini ili kuupunguza makali ugonjwa. Dawa ile ile isiyofaa kwa mgonjwa hufaa hapa, kwa kuwa hukutana na vijidudu vingali vichache. Shida ni kwamba chanjo hutunzwa katika naitrojeni ya maji, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na ikishayeyushwa, dozi nyingi hulazimika kutumika siku ile ile. Mwenye ndama wawili hawezi kuiagiza peke yake. Majirani wakikusanya ndama wao Juni au Julai, baada ya mavuno, fedha zitakuwapo, na kupe waliokomaa watakuwa wachache.