Unguja hadi Pemba si dakika 25 kwa kila msafiri

Mwalimu wa hisabati afikapo kwenye somo la latitudo na longitudo, aghalabu huwataka wanafunzi watafute umbali baina ya miji ya ng'ambo wasiyowahi kuiona. Leo nawaomba walimu wawape visiwa viwili vya jirani, Unguja na Pemba, maana swali lake lina funzo lipitalo hesabu.

Kiwanja cha ndege cha Unguja kipo 6°13' kusini na 39°13' mashariki. Kile cha Pemba, karibu na Chake Chake, kipo 5°15' kusini na 39°48' mashariki. Tofauti ni dakika 58 kuelekea kaskazini na 35 kuelekea mashariki. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, na kwa kuwa tu karibu na Ikweta, dakika ya longitudo nayo haipungui sana hapo. Kwa kanuni ya Pythagoras tunapata maili 68 hivi, yaani kilomita 125. Ndege ndogo iendayo kilomita 300 kwa saa itaumaliza mwendo huo kwa dakika 25.

Jibu hilo ni sahihi, ila halijakamilika. Ndege hutambaa ardhini kabla ya kuruka, hupanda, kisha hupunguza kasi ikijiandaa kutua. Upepo nao una lake: kusi ivumapo humsukuma aendaye Pemba na kumzuia arejeaye Unguja. Basi safari hukaribia nusu saa, mbali na muda wa kungoja kiwanjani na mwendo wa barabara kwa anayekwenda Wete.

Kuna kipimo kingine ambacho hakimo katika kanuni yoyote, nacho ni nauli. Asiyeimudu ndege hupanda meli, akavuka kwa saa kadhaa, pengine usiku kucha. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander I, iliyotoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi, ilizama karibu na Nungwi. Miili zaidi ya 200 ilipatikana. Abiria wengine wengi hawakuonekana tena. Bahari iliyowameza ndiyo ile ile ambayo ndege huivuka kabla ya kipindi kimoja cha darasani kumalizika.

Wahenga walinena kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Anayepanga usafiri wa visiwani huku yeye akiruka juu ya mawimbi ni rahisi kusahau kuhesabu abiria walio melini. Idadi iliyoandikwa kwenye cheti cha meli ni hesabu pia, na kuikosea hugharimu roho za watu.

Kwa hiyo, mwalimu, wanafunzi wakishapata dakika 25, usifute ubao upesi. Ongeza swali moja: je, msafiri huyo ana nauli ya chombo gani? Mwanafunzi atakayelijibu vyema ndiye atakayefaa kesho kukabidhiwa bandari.