Beste alinila Sh18,000, nikajipata ndani ya mfano wa Yesu

Ujumbe ulikuwa tayari. Nilikuwa nimeuandika kwa karibu nusu saa, nikaufuta mara tatu, nikauandika tena ukiwa na makali zaidi. Chini yake niliweka skrinshoti ya M-Pesa: Sh18,000, jina lake kamili, tarehe na saa. Kilichobaki ni kubonyeza tu, na watu zaidi ya 200 kwenye grupu ya WhatsApp ya mtaa wetu wangejua kwamba beste yangu ni mwizi.

Acha nikueleze tulivyofika hapo.

Beste yangu ni fundi wa simu. Tumetoka mbali, tangu enzi za kugawana chapati moja shule ya msingi. Siku moja alinipigia akasema anataka kuongeza stoki ya vioo vya simu, nimkopeshe kwa wiki mbili tu. Pesa nilikuwa nazo. Nilikuwa nimezikusanya kidogo kidogo kwa kuwaandikia watu matangazo ya biashara zao mtandaoni, na kodi ya nyumba ilikuwa humo humo. Nikamtumia.

Wiki mbili zikawa miezi minne. Mwanzoni alikuwa akijibu, “Bro, nipe wiki moja tu.” Baadaye nikawa naona tiki mbili za buluu na kimya. Kisha akawa hashiki simu. Jumamosi moja nikamwona kwenye statasi ya mtu mwingine, yuko mbele ya sinia la nyama choma, anacheka. Jumatatu iliyofuata nilirudi nyumbani jioni nikapata keateka amenipigia kufuli mlangoni. Vitu vyangu vyote vilikuwa ndani, hata chaja. Nililala kwa binamu yangu siku nne.

Sasa unaelewa kwa nini ujumbe ule ulikuwa na makali.

Kilichonizuia kuutuma si utakatifu. Nisikudanganye. Ilikuwa hesabu.

Dinari 100 si pesa kidogo

Wiki hiyo kwenye kikundi chetu cha vijana kanisani tulikuwa tumesoma Mathayo 18. Aliyepitia Sande skuli anakijua kisa hiki. Petro anamuuliza Yesu amsamehe ndugu yake mara ngapi, je, saba zinatosha? Yesu anamwambia ni sabini mara saba, kisha anamsimulia habari za mtumwa aliyedaiwa na mfalme talanta 10,000. Mtumwa hana cha kulipa, anapiga magoti, mfalme anamhurumia na kufuta deni lote. Mtumwa huyo huyo anatoka nje, anakutana na mwenzake anayemdai dinari 100, anamkaba koo. Mwenzake anaomba apewe muda, lakini anatupwa jela. Mfalme akisikia anawaka, na mtumwa anakabidhiwa kwa watesaji mpaka alipe kila kitu.

Tangu nikiwa mdogo nimefundishwa kwamba mwenzake alidaiwa “vijisenti”. Usiku ule kwa binamu yangu, nikiwa na hasira na bando ya kutosha, nikaamua kupiga hesabu mwenyewe.

Katika Mathayo 20, kwenye mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu, dinari moja ni malipo ya kibarua kwa siku nzima. Kwa hivyo dinari 100 ni kazi ya siku 100. Tuseme kibarua wa mjengo Nairobi analipwa Sh700 kwa siku. Hizo ni Sh70,000. Buda, hizo si vijisenti! Hizo ni zaidi ya miezi mitatu ya kubeba mawe na kuchanganya simiti.

Hapo ndipo nilipotulia kidogo. Niligundua kwamba Yesu hakusema tunamdai mwenzetu hewa. Alitaja deni linalouma. Anayekwambia “samehe tu, ni kitu kidogo” hajausoma mfano vizuri.

Halafu nikageukia upande wa pili. Siku hizi tukisikia “talanta” tunawaza vipaji, kuimba au kudansi. Zamani hizo talanta ilikuwa kipimo cha uzani, na talanta moja ya fedha ilikuwa na thamani ya karibu dinari 6,000. Zidisha mara 10,000. Unapata dinari milioni 60, yaani mishahara ya siku milioni 60. Ukifanya kazi siku 300 kila mwaka bila kula hata senti moja, utamaliza deni baada ya miaka 200,000. Kwa bei yetu ya mjengo, ni Sh42 bilioni.

Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne hiyo ya kwanza, aliandika kwamba mapato ya Herode Antipa kutoka Galilaya na Perea yalikuwa talanta 200 kwa mwaka. Basi mtumwa mmoja alidaiwa sawa na ushuru wa miaka 50 wa eneo zima ambalo Yesu alikulia. Nadhani waliokuwa wakimsikiliza walicheka. Ni kama mtu akwambie jirani yako wa ploti anadaiwa bajeti ya kaunti.

Nami nilicheka. Kisha nikakumbuka kitu ambacho huwa sipendi kukikumbuka.

Deni langu mimi

Ukiniuliza kwa nini niliacha chuo, huwa nasema karo ilikosekana. Si kweli. Karo ilipatikana. Baba yangu, ambaye ni seremala, alichukua mkopo kwenye Sacco yao, wenzake wawili wakamdhamini, akanitumia Sh38,000 za muhula. Ilikuwa Ijumaa. Wikendi hiyo nilibeti. Mkeka wa kwanza ulichanika kwa goli la dakika za mwisho, nikasema narudisha, wa pili ukachanika, wa tatu pia. Jumapili usiku nilikuwa nimebaki na Sh340.

Sikumwambia mtu. Niliendelea kuishi karibu na chuo, nikipigiwa simu nasema masomo ni mazuri, mtihani ni mgumu kidogo. Baba akatuma karo ya muhula uliofuata pia. Hiyo nililipa madeni niliyokuwa nimejichimbia, nyingine nikabeti tena nikitumaini kurudisha zote. Siku alipokuja chuoni bila kuniambia, aliambiwa ofisini kwamba sijasajiliwa mwaka huo.

Alinipata kwenye chumba changu. Nilingoja kofi. Aliketi kitandani, akanyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, “Umekula?” Nikamwambia bado. Akasema, “Haya, twende ule kwanza.” Nyumbani alinisikiliza mpaka mwisho. Jambo pekee alilosema ni, “Kijana wangu, usinidanganye tena.”

Zaidi ya miaka miwili aliendelea kukatwa pesa za mkopo ule, kwa kitu ambacho hakikuwepo tena. Kuna Krismasi hatukununua nguo, na mimi peke yangu ndiye niliyejua sababu kamili. Ami zangu wakiuliza mbona niko nyumbani, Baba alikuwa akijibu, “Anapumzika kidogo, atajipanga.” Mpaka leo hawajui.

Nikiwa nimelala kwenye godoro la binamu yangu, simu mkononi, hilo ndilo lililonipiga. Baba alikuwa na skrinshoti pia. Alikuwa na ujumbe wa M-Pesa wenye jina langu kamili, tarehe na saa. Hakuionyesha mtu.

Nikaelewa kitu ambacho sijawahi kukisikia kwenye mahubiri. Mfalme aliposema “nimekuachilia”, zile talanta 10,000 hazikuyeyuka. Zilitoka mfukoni mwake. Kusamehe deni ni kulilipa wewe mwenyewe. Ndiyo maana ni ngumu, na ndiyo maana hakuna mtu mwingine anayeweza kukusamehea.

Jela ya siku hizi

Nikatazama ujumbe wangu tena. Wale watu 200 kwenye grupu ndio wateja wa beste yangu. Simu ikianguka, wanampelekea yeye. Ningebonyeza, angekosa kazi, na asingeweza kunilipa hata akitaka. Ni kama yule mwenzake aliyetupwa jela mpaka alipe. Mtu atapata wapi pesa akiwa jela?

Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinakataza kampuni za mikopo ya kidijitali kuingia kwenye orodha ya namba za mdaiwa na kuwatumia watu ujumbe eti amekataa kulipa. Kampuni imefungwa mikono. Mimi hakuna aliyenifunga. Nilikuwa na koo la mtu mkononi, na bando.

Nikafuta.

Lakini usifikiri mambo yaliishia hapo kwa wimbo wa sifa. Huwa tunakimbilia mfano na kuruka aya zilizo kabla yake. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 15 hadi 17, Yesu anasema ndugu yako akikukosea, mwendee mkiwa wawili tu, mwambie kosa lake. Asiposikia, rudi na mtu mmoja au wawili. Akikataa bado, ndipo uliambie kanisa. Kwa hivyo kusamehe si kunyamaza. Najua vijana, hasa wasichana, walioumizwa vibaya kisha wakaambiwa kwa jina la mfano huu wafunge mdomo. Hilo halimo kwenye sura hiyo. Kuna kusemwa kwa kosa, na kuna mashahidi. Mimi nilitaka kuanza na hatua ya mwisho.

Nikaenda kwake Jumapili mchana. Sikumpigia simu kwanza kwa sababu asingeshika. Alipofungua mlango alitazama chini. Nikamwambia kuhusu kufuli, kuhusu godoro la binamu, kuhusu ile nyama choma. Nilitaka ajue iliuma. Aliniambia kibanda chake kilibomolewa wiki tatu baada ya mkopo, vioo vingi vikavunjika, na nyama ile alinunuliwa siku ya bathdei ya shemeji yake. “Manze, kila nikiona jina lako kwenye simu naskia kutapika,” akasema. “Si ati nilikusahau.” Nilijua hisia hiyo. Ndiyo niliyokuwa nayo kila Baba alipopiga.

Nikamwambia sitamdai tena. Akipata, alete. Asipopata, tumemalizana. Amenitumia Sh1,000 mara mbili. Ya tatu haijafika, na huu ni mwezi wa tatu. Kodi yangu niliimaliza kwa kuchukua kazi za usiku, wiki sita bila kulala vizuri. Hizo wiki sita ndizo zilizolipa deni lake.

Na je, nikiombwa tena nitamkopesha? Hapana, si sasa. Mfano unasema deni lilifutwa, hausemi mfalme alimkabidhi mtumwa yule hazina tena. Tunasalimiana, tunatazama mechi pamoja, simu yangu ikiharibika nampelekea yeye na ninalipa.

Kuna siku bado hasira inarudi. Nikipita kwenye duka nikiona kitu ambacho ningenunua kwa Sh16,000 zilizobaki, nasikia mkono ukitafuta koo. Siku hizo inabidi nimsamehe tena, deni lile lile. Nimeanza kufikiri kwamba zile sabini mara saba huenda si makosa 490 ya watu mbalimbali. Huenda ni Sh18,000 moja, ninayoikumbuka mara 490.

Wiki iliyopita nilimpigia Baba. Nilimwambia habari za beste na kufuli, na kwamba nimemwachilia. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama nimekula.