Haut-Katanga: Msitu wa miombo, ukimya ulio karibu na Lubumbashi na unaozidi kwenda mbali

Lubumbashi – Asubuhi na mapema, kabla magari makubwa hayajajaza barabara, watu wa kwanza kuingia mjini wakitoka upande wa Kasenga wanasukuma baiskeli. Juu ya kila baiskeli, ile wakaaji wa Lubumbashi wanaita kinga, kunafungwa magunia ya makala, moja juu ya lingine, mpaka anayesukuma haonekani tena. Hakuna anayepanda. Mzigo ni mzito, na wengi wameanza safari wakati wa usiku.

Anayetaka kuujua msitu unaozunguka mji huu wa pili wa Kongo anaweza kuifuata njia ya baiskeli hizo, lakini kwa kuirudia nyuma, mpaka pale makala yanapotoka.

Kwanza zinapita nyumba za matofali ya udongo, halafu mashamba ya mahindi na mihogo. Halafu kunakuja pori la miti mifupi, membamba, inayootea juu ya visiki vya zamani. Ni baada ya hapo tu miti mirefu inaanza kuonekana, na kelele za barabara zinapotea.

Msitu wenye mwangaza

Mtu wa Walikale, wa Mambasa ao wa Shabunda akifika hapa anaweza kuuliza kama kweli huu ni msitu. Kwao, msitu ni giza, unyevu na miti iliyokazana. Huku miti inaachana. Matawi yanakaribiana juu, lakini jua linapita mpaka chini, na majani ya nyasi yanaota katikati ya mashina. Kwa Kifaransa wanauita « forêt claire », msitu wenye mwangaza. Jina lake la kawaida, miombo, ni la miti yenyewe, na watu wa Kongo, Zambia na Tanzania wote wanalijua. Msitu wa aina hiyo unaendelea pia mpaka Angola, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe.

Lubumbashi iko kwenye urefu wa karibu mita 1.200 juu ya bahari, na mwaka wake unagawanyika wazi. Mvua kubwa inanyesha kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka mwezi wa tatu. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa hakuna mvua kabisa ao ni kidogo sana, na katika mwezi wa sita na wa saba usiku ni wa baridi kali.

Kitu kinachoshangaza wageni ni kile kinachotokea katika mwezi wa nane na wa tisa. Wakati udongo ungali mkavu na hakuna hata wingu, miti inatoa majani mapya. Hayaanzi na rangi ya kijani. Yanatoka mekundu, ya rangi ya shaba, kisha yanageuka kijani polepole. Mizizi yao inaenda chini sana kutafuta maji, kwa hiyo hawangojee mvua. Kwa majuma machache, msitu mzima unaonekana kama unawaka bila moto.

Katikati ya miti kunasimama vichuguu, vingine virefu kupita nyumba. Wakulima wanaviheshimu. Udongo wake ni mzuri kuliko ule wa kando, na ni huo huo unaotumiwa kufyatua matofali. Juu ya vichuguu vikubwa kunaota miti isiyoonekana mahali pengine katika msitu.

Soko lisilo na meza

Vijiji vya huku, vingi vya Walamba na ndugu zao, havikai mbali na miti. Nyumba ziko pembeni ya njia, mashamba nyuma, na nyuma ya mashamba ni msitu. Kwa mgeni ni mahali pa kutembea na kupumzika. Kwa wakaaji ni ghala.

Mvua ikianza, akina mama na watoto wanaingia msituni na vitunga kutafuta bowa, yaani uyoga. Baadaye unauzwa kwa mafungu kandokando ya barabara, na watu wa mji wanasimamisha magari kununua. Uyoga mwingi wa miombo hauwezi kupandwa shambani. Unaishi kwa kushikamana na mizizi ya miti: mti unaupa chakula, nao unausaidia mti kuvuta maji na chumvi za udongo. Mti ukikatwa, uyoga wake nao unaisha.

Mambo ni yale yale kwa vinkubala, wale viwavi wanaokaushwa na kuliwa na bukari. Kila aina ina miti yake inayopenda. Kuna pia asali, matunda ya masuku, na mizizi ya kutengenezea munkoyo, kinywaji ambacho hakikosekani kwenye sikukuu. Wakati mtoto anaumwa na kituo cha afya kiko mbali, mizizi na maganda ya miti ndiyo dawa ya kwanza.

Elimu hiyo ya wazee imeandikwa pia. Mtaalamu wa Ubelgiji François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alifanya utafiti wake katika miombo ya Luiswishi, si mbali na mji. Mwaka 1997 alitoa kitabu kikubwa juu ya vyakula vya msitu huu. Vile akina mama wa vijiji walikuwa wanajua kwa macho na kwa ulimi, yeye aliviandika kimoja kimoja.

Gunia moja, miti mingapi?

Lakini kitu kinachotoka msituni kwa wingi leo si uyoga wala asali. Ni makala.

Katika mitaa mingi ya Lubumbashi umeme haufiki, ao unafika na kukatika. Gazi ni ghali kwa jamaa nyingi. Kwa hiyo bukari ya mchana na maji ya kuoga ya asubuhi vinapikwa juu ya mbabula. Mji unakua, na kila jamaa mpya inaongeza mbabula wake.

Kule msituni kazi ni ya mikono. Miti inakatwa kwa shoka, inapangwa chini, inafunikwa na nyasi na udongo, halafu inachomwa polepole kwa siku nyingi. Mwenye tanuru analala karibu nalo, kwa sababu tundu moja likifunguka hewa inaingia na mti wote unageuka majivu. Hata likiangaliwa vizuri, tanuru la udongo linapoteza mengi: kilo 100 za mti mkavu mara nyingi hazitoi hata kilo 20 za makala.

Ni vyepesi kumlaumu mchoma makala. Lakini katika vijiji vingi hiyo ndiyo kazi inayoleta feza haraka. Mahindi yanangoja mvua na mavuno, na mwalimu hangoji kulipwa minervali. Gunia la makala linauzwa wakati wowote. Pia eneo likikatwa miti, linageuka shamba, na baada ya shamba kuna moto wa kila mwaka. Hapo ndipo msitu unashindwa kurudi. Mahali pengine ni kampuni za kuchimba shaba na kobalti zinazofika na karatasi zao, na kijiji kinaona kama msitu wa mababu umekuwa mali ya mwengine.

Kwa hiyo ule msitu ambao zamani mtu wa mji aliufikia kwa miguu, leo anahitaji gari ao pikipiki. Na anayesukuma baiskeli anaongeza kilomita kila mwaka.

Kisiki hakijafa

Hata hivyo miombo ina nguvu moja. Mti ukikatwa, kisiki chake na mizizi yake havikufi. Mvua ya kwanza ikinyesha, machipukizi mapya yanatoka. Eneo likilindwa na moto mkali, na lisipolimwa tena na tena, msitu unaweza kurudi bila mtu kupanda hata mbegu moja. Unachotaka ni miaka.

Moto wenyewe unaweza kupangwa. Nyasi zikichomwa mapema, katika mwezi wa tano ao wa sita, zingali na maji, moto unapita chini na kwa upole. Zikingoja mwezi wa tisa ao wa kumi, moto unapanda na kuua machipukizi pamoja na majani mapya.

Sheria nayo ilifungua mlango. Kanuni ya misitu ya mwaka 2002 inakubali jamii ya mahali kupewa msitu inaoumiliki kwa desturi. Amri ya tarehe 2 mwezi wa nane 2014 ilionyesha njia ya kufuata: jamii inaomba kwa gavana wa jimbo, inaweza kupata mpaka hektari 50.000, bila kununua na bila kikomo cha wakati. Katika Haut-Katanga, vijiji kadhaa vimeingia katika njia hiyo kwa kuungwa mkono na FAO.

Karatasi peke yake hailindi mti. Lakini inakipa kijiji neno la kusema mbele ya mgeni anayekuja na msumeno. Kinaweza kupanga wapi pa kukata mwaka huu, wapi pa kuacha kulala, na wapi pasiguswe kwa sababu ya mizinga ya nyuki, chanzo cha maji ao makaburi ya wazee.

Kwa anayetaka kwenda

Wakati mzuri wa kutembea ni kiangazi, njia zingali kavu. Anayetaka kuona majani mekundu aende mwishoni mwa mwezi wa nane. Anayependa uyoga angojee mvua, lakini asiokote peke yake: kuna uyoga unaoua, na macho ya mtu wa mji hayajui kuuchagua.

Kabla ya kuingia msituni, mgeni anapita kwanza kwa chifu wa kijiji kusalimia na kusema kinachomleta. Ni adabu, na pia ni usalama wake, kwa sababu chifu atampa kijana wa kumwongoza. Kijana huyo anajua njia, na mara nyingi ni yeye pia anayejua tanuru liko wapi.

Wakati wa kurudi jioni, baiskeli ziko barabarani tena. Sasa zinatoka mjini, hazina mzigo, na wenyewe wamezipanda. Kwenye guidoni kunaning'inia vile makala yalinunua: chumvi, sabuni, chupa ya mafuta, daftari za watoto.