Programu yakubali Kisumu, yakataa Siaya: Dakika 15 zinazosumbua wataalamu

Mtaalamu wa kompyuta mjini Kisumu aweza kuunda programu ya kuhifadhi rekodi za wagonjwa bila tatizo lolote. Mwenzake aliye Siaya huchukua msimbo ule ule, herufi kwa herufi, na kompyuta yake ikakataa kuukamilisha: jaribio moja la tarehe limefeli.

Katika hali kama hii msimbo hulaumiwa bure. Chanzo kimojawapo ni historia ya saa za Kenya.

Wakati wa ukoloni, saa rasmi ya nchi ilibadilishwa mara kadhaa. Kuanzia 1937 ilitangulia ile ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 45, kabla ya kufikishwa saa 3 kamili. Majedwali ya zamani ya kompyuta yalionyesha kwamba badiliko hilo la mwisho lilifanyika 1960. Majedwali mapya yamesahihisha kuwa 1942.

Lugha ya Java, iliyotumiwa kuunda OpenMRS, mfumo wa rekodi za afya uliobuniwa 2004 na ambao KenyaEMR imejengwa juu yake, hubeba jedwali lake yenyewe. Kwa hivyo kusasisha Windows au Linux pekee hakusaidii kitu.

Chukua mzee aliyezaliwa Januari 1, 1950. Kompyuta mpya ikihifadhi siku hiyo kama saa sita usiku, huandika saa tatu usiku wa Desemba 31 kwa majira ya Greenwich. Ya zamani ikisoma, huongeza saa 2 na dakika 45 tu. Mzee amezaliwa 1949! Kliniki inayotambua wagonjwa kwa jina na tarehe ya kuzaliwa yaweza kumfungulia faili ya pili, na dawa zake zikabaki katika ile ya kwanza.

Kabla ya kugusa msimbo, mafundi wanapaswa kulinganisha toleo la Java katika kompyuta zote mbili, pamoja na majira zilizowekewa, kwani seva nyingi za kukodi ng'ambo hufuata Greenwich. Toleo likisasishwa, jaribio hupita. Hata hivyo, rekodi zilizokwisha kuharibika hazijirekebishi, na tiba ya kudumu ni kuhifadhi tarehe ya kuzaliwa kama tarehe tupu, bila saa.