Kompresa inatema maji? Usikimbilie kununua mashine ya kukausha hewa

Boss wangu, umepiga rangi tanki la bodaboda, asubuhi unakuta limejaa malengelenge. Mteja anagoma kulipa na rangi imeshaenda. Hapa Mwakitolyo tunazoea kulaumu duka, eti rangi feki. Mara nyingi ni maji tu.

Yametoka wapi? Kwenye hewa yenyewe. Geji ikisoma bar 8, karibu lita 9 za hewa ya nje zimebanwa zikawa lita 1. Mvuke wote umebanwa humo, na hewa ikipoa unageuka maji. Msimu wa mvua ndiyo balaa zaidi.

Sasa kosa letu kubwa: tunanunua filta ya maji halafu tunaifunga palepale kwenye mdomo wa kompresa. Pale hewa bado ya moto, maji bado ni mvuke, na filta inanasa matone, hainasi mvuke! Ipeleke mbali. Pitisha hewa kwenye bomba la chuma ukutani, mita 6 hivi au zaidi, weka koki sehemu ya chini kabisa, halafu ndiyo ufunge filta karibu na bunduki ya rangi. Bomba la plastiki la maji ya nyumbani usilitumie kabisa, likipasuka kwa hewa linarusha vipande kama visu.

Kama bado unaona unyevu, ongeza kichupa cha silika, zile punje za kwenye maboksi ya viatu. Zikibadilika rangi zimeshiba, zikaushe kwa moto mdogo, ila sio kwenye sufuria ya ugali. Mashine ya kukausha kwa ubaridi ni nzuri, lakini inakula umeme, na kwa kazi ya pikipiki mbili tatu kwa wiki sioni itarudishaje hela yake. Anayejaza upepo tu kwenye matairi hata silika haimhusu.

Vumbi la karasha nalo linaua kompresa. Iweke upande ambao upepo hauleti vumbi, na filta ya kuvutia hewa ikague kila wiki.

Kila jioni fungua koki ya chini ya mtungi, maji yatoke. Yakilala humo mtungi unaoza kwa ndani, huoni, mpaka siku unapasuka.

Na kile kikombe cha plastiki cha filta kioshe kwa maji ya sabuni. Ukitumia thina au petroli kinapata nyufa, na kinafanya kazi kikiwa na presha ndani, jirani na uso wako.